Nimezaliwa Mara Ngapi?

Makambako,
3 Mei 1994

Kwako mpwa wangu Fidelia, mwenye mbio zako,

Kamwene! Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Mjimwema kwa Mwalimu Remmy, unakula ukashiba, na baridi ya Njombe haijakugandisha miguu, maana hiyo miguu sasa ni mali ya taifa. Mimi mjomba wako mzima, goti la kushoto tu linaninung'unikia asubuhi. Mama Ema naye mzima, hasa mdomo.

Habari zako nimezipata, ila sikuzipata kwako, ndiyo maana nimenuna kidogo. Nimezipata kwa Mudy kondakta, tena yuko mlangoni mwa basi anaita abiria: "Njombe, Njombe! Mzee Kefa, mtoto wenu kachaguliwa kwenda Ulaya kukimbia!" Nikaliacha belo la mitumba wazi katikati ya soko, watu wakachambua bila mwenyewe. Sikujali. Nilizunguka stendi nzima nikiwaambia. Hata wale wasionijua sasa wananijua.

Wewe unajua mbio hizo zimetoka wapi. Marehemu baba yako alikuwa mtu mwema lakini mzito, kutoka kitandani hadi mlangoni alikuwa anapumzika njiani. Mbio ni za upande wa mama yako, maana yake ni zangu. Reli ya TAZARA ilipofika hapa nilikimbizana na treni, nikaiacha, dereva Mchina akanipigia honi ya heshima. Mama Ema anasoma juu ya bega langu hapa, anasema niandike kwamba ile treni ilikuwa imesimama. Mwanamke huyu niliyemwoa ananichosha.

Mudy anasema ni mashindano ya vijana wa dunia nzima, Lisboni, kule Ureno, na wewe ni wa mita elfu moja na mia tano. Niliposikia hiyo elfu nilishtuka. Halafu Mustapha, yule mwenye malori, akanifafanulia: ni kama kutoka sokoni hapa kwenda ng'ambo ya reli na kurudi. Ndiyo ya kupandia ndege hiyo? Mimi naikata kila siku na belo kichwani! Nimemwambia Mustapha wakinihitaji kama meneja sitakataa.

Nakutumia njumu, nimezitoa kwenye belo jipya. Mali ya Ujerumani.

Ni mimi mjomba wako,
Kefa Ngole


Njombe,
8 Mei 1994

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mimi na jamaa wote wa hapa hatujambo. Mwalimu Remmy anakusalimu na mkewe pia. Pole na goti. Msalimie sana Mama Ema.

Asante kwa njumu. Ni za mpira, mjomba, na zote mbili ni za mguu wa kushoto. Mwalimu amecheka mpaka akakaa chini.

Sasa naomba hapa usome polepole, na kama Mama Ema yuko begani na yeye asome. Ili niende Ureno lazima nithibitishe umri. Aliyetimiza miaka ishirini mwaka huu haruhusiwi. Nikaenda kwenye ule mkebe wa majani ya chai aliouacha mama, nikatoa kadi ya ubatizo. Imeandikwa: Fidelia, binti wa Aroni na Jenifa Mwalongo, amezaliwa 14 Februari 1974. Shuleni nimeandikwa 1976. Kwa kadi hiyo mimi nina ishirini tayari, na safari imekwisha kabla haijaanza.

Chama cha riadha kinataka mambo mawili kabla ya tarehe ishirini na tano mwezi huu: karatasi kutoka kitabu cha usharika nilikobatizwa, na barua ya mzee wa familia aliyekuwepo nilipozaliwa. Baba hayupo, mama hayupo, bibi hayupo. Umebaki wewe peke yako.

Mjomba, nakuomba. Sihitaji hadithi. Nahitaji siku, mwezi na mwaka. Andika hata kwenye karatasi ya kufungia sukari.

Mpwa wako,
Fidelia


Makambako,
14 Mei 1994

Mpwa wangu Fidelia,

Salamu nyingi, ingawa barua yako imekuja kama ya polisi. Afya yangu ilikuwa nzuri mpaka nilipoisoma. Zote za kushoto? Basi aliyezivaa Mjerumani huyo alikuwa na miguu ya ajabu, mimi si wa kulaumiwa.

Unaniuliza mimi ulizaliwa lini! Mimi niliyekufikisha duniani! Sikiliza basi, maana tarehe bila maelezo ni kama ugali bila mboga.

Siku hiyo mama yako alishikwa na uchungu asubuhi, hospitali ni Ilembula, gari hakuna. Watu wakasema tungoje lori la mbao, hupita saa nne. Nikasema lori la nini wakati Kefa yupo? Nilikuwa na baiskeli mpya, inang'aa mpaka kuku wanajiona. Nikampakia mama yako nyuma, nikashika njia ya mkato. Nilikanyaga pedali mpaka upepo ukaniomba nipunguze! Tulipotokea barabara kubwa, lori hilo hapo mbele. Nikalipita. Dereva akavua kofia. Tulipofika, manesi bado wanafungua madirisha, na wewe ukatoka ukilia kwa sauti ya filimbi ya kuanzishia mbio. Ndiyo maana unakimbia, ulianza safari kwa mwendo huo.

Mwaka ni ule niliponunua baiskeli. Mwezi ulikuwa wa upepo.

Ili kukupunguzia usumbufu nimewaandikia wenyewe Chama moja kwa moja. Kurasa sita. Nimewaeleza yote, pamoja na treni, na nikawaambia una miaka kumi na sita, kwa sababu mtu akionekana mdogo watu humpenda zaidi. Usinishukuru. Habari ya kitabu cha usharika achana nayo, vitabu vya zamani vimeliwa na mchwa na njia ya kule ni mbaya.

Mjomba wako,
Kefa


Njombe,
23 Mei 1994

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Kichwa ndicho sijui.

Barua yako ya kurasa sita imefika Chama. Wamempigia simu Mwalimu Remmy ofisini kwa mkuu wa shule, akasimama pale anatukanwa kwa adabu, walimu wenzake wanasikiliza. Wamemwambia hivi: kadi inasema sabini na nne, shule inasema sabini na sita, mjomba anasema miaka kumi na sita, hiyo ni sabini na nane. Wakamwuliza: "Mwalimu, huyo msichana wenu amezaliwa mara ngapi?" Na mimi nakuuliza, mjomba. Nimezaliwa mara ngapi?

Mwalimu amewaomba sana. Wametupa hadi tarehe kumi Juni. Ikipita, nafasi anapewa msichana wa Singida niliyemshinda kwa hatua mbili. Tangu mwaka jana naamka kabla ya watu, nakimbia kwenye ukungu nisione hata mikono yangu, halafu nizuiwe na hadithi ya lori!

Tena hadithi yenyewe hukumbuki ulivyoisimulia. Siku ya kipaimara changu, ulipokunywa pombe ya ulanzi, ulisema siku ya lile lori mimi nilikuwa mgongoni mwa mama nina mwaka na nusu. Sasa unasema ndiyo siku niliyozaliwa. Nilizaliwa nikiwa na mwaka na nusu? Na hiyo baiskeli iliyoshinda lori, tangu nipate akili imetundikwa ukutani kwako haina mnyororo. Nikikuuliza unasema bingwa amestaafu.

Kutoka kwako hadi kwenye usharika ni safari ya asubuhi moja tu. Kwa nini hutaki kwenda? Ningekwenda mwenyewe, lakini mwinjilisti amemwambia Mwalimu kwamba lazima aje mzee wa ukoo aweke sahihi. Mzee ni wewe. Kuwa mzee, mjomba, siku moja tu.

Fidelia


Njombe,
2 Juni 1994

Mjomba,

Shikamoo. Siulizi hali kwa sababu hujibu.

Mudy anasema barua yangu alikupa mkononi, ukaisoma ukiwa umesimama, ukaikunja ukaitia mfukoni. Anasema hajawahi kukuona huna la kusema, akadhani umefiwa. Jana anasema meza yako ya mitumba imefunikwa turubai na Mama Ema hajui ulipo.

Kama umeamua kunyamaza, niandikie kwamba umenyamaza, ili nitundike viatu.

Zimebaki siku nane.

Fidelia


Ilembula,
7 Juni 1994

Fidelia,

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya usharika. Mwinjilisti amenipa karatasi na kalamu akaondoka. Shikamoo zako zote nilikuwa sijaziitikia. Marahaba.

Umeuliza umezaliwa mara ngapi. Mara mbili.

Ile kadi si yako. Ni ya dada yako. Alizaliwa tarehe hiyohiyo iliyoandikwa, akabatizwa Fidelia. Mwezi wa nane mwaka uliofuata akashikwa na surua, ikaingia kifuani. Alikuwa na mwaka na nusu. Hapo ulanzi ulinifanya niseme kweli bila kujua.

Asubuhi ile mama yako alisema tungoje lori la mbao, linapita saa nne na dereva hakatai mgonjwa. Mimi nilikuwa na baiskeli ya miezi miwili. Nikasema lori! Mimi nitakuwa nimefika na kurudi kabla halijawashwa. Uani kulikuwa na watu, nilitaka wasikie. Mama yako akaniamini. Akamfunga mtoto mgongoni, akapanda nyuma.

Nikashika njia ya mkato. Katikati ya mashamba mnyororo ukakatika. Fundi alikuwa ameniambia una pingili mbovu, nikamjibu kwamba hajui baiskeli. Nikajaribu kuuunga kwa waya. Tuko pale, tukalisikia lori linapita barabara kubwa. Hatukuliona, tuliona vumbi tu juu ya miti.

Mama yako alishuka. Akaanza kutembea. Halafu akakimbia. Fidelia, mbio zako si zangu. Nilimwona kwa macho yangu anakimbia na mtoto mgongoni, na mimi nyuma yake nasukuma baiskeli, maana sikutaka kuiacha porini ikaibwa. Sikuweza kumfikia. Yeye alifika hospitali. Mtoto hakufika.

Hakunilaumu hata siku moja mpaka anakufa. Angenilaumu ningejua pa kushika.

Wewe ulizaliwa mwaka uliofuata, tarehe 9 Novemba 1976. Mimi nilisema upewe jina jingine. Mama yako akasema hapana, jina hili bado jipya, mwenye nalo hajalivaa. Kwa hiyo ulibatizwa jina lilelile, kitabu kilekile. Kadi yako alikuwa ameichomeka darini kwenye nyumba ya zamani, mvua ikaila. Ya mwenzako ndiyo aliyoitunza kwenye mkebe. Hakuwa na kitu kingine chake.

Lile lori sikulipita. Nilianza kulipita miaka mingi baadaye, kilabuni, mtu aliponiuliza kwa nini siendeshi baiskeli. Nikalipita mara moja, watu wakacheka, basi nikawa nalipita kila nikiulizwa. Mwisho nikawa nalipita bila kuulizwa.

Kitabu hakikuliwa na mchwa. Nilikuja hapa tarehe mosi, nikafika mlangoni, nikarudi barabarani. Nimelala kwa binamu yangu Benno, kila asubuhi nafika mlangoni narudi. Leo mwinjilisti ametoka akasema, "Mzee, ingia au uniambie unauza nini." Nikaingia. Akafungua, nikaonyesha mwenyewe kwa kidole. Mstari wa dada yako una msalaba wa wino mwekundu pembeni. Wako uko kurasa tatu mbele. Amenakili yote miwili na kugonga muhuri. Barua yangu kwa Chama imo humu humu. Ina mistari minne. Ilikuwa mitano, nikafuta mmoja.

Kesho alfajiri napanda gari kurudi Makambako nimpe Mudy karatasi hizi mkononi.

Treni nayo ilikuwa imesimama.

Kefa


Dar es Salaam,
29 Julai 1994

Mjomba,

Shikamoo. Tumerudi salama jana. Natumaini goti limepoa na Mama Ema hajambo.

Karatasi zilifika tarehe tisa, siku moja kabla. Najua ulingoja jibu. Sikuandika. Kila nilipokaa kuandika nilikuwa nakasirika upya, na kila mara kwa jambo tofauti. Mara kwa sababu ya mnyororo. Mara kwa sababu ya ile baiskeli, kwamba uliisukuma. Mara kwa sababu miaka kumi na saba nimekuwa na dada na hakuna aliyeniambia, na kila mwaka nacheka hadithi ya lori pamoja na watu wengine, nacheka kwa sauti, mjomba. Mwalimu Remmy akanishauri: "Kimbia kwanza, andika baadaye." Nikakimbia.

Kabla ya kuingia uwanjani wanakuita jina na tarehe ya kuzaliwa. Yule mama wa Kireno akasoma: "Fidelia Mwalongo, tisa, kumi na moja, sabini na sita." Nikasema ndiyo, ni mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kuliitikia jina hilo nikijua kati ya mawili langu ni lipi.

Tulikuwa kumi na wawili. Nilianza vibaya, nikabanwa ndani, Mwethiopia akanikanyaga kisigino. Mzunguko wa mwisho niliwapita watatu. Nimekuwa wa tisa. Sikuingia fainali. Muda wangu ni bora kuliko nilivyowahi kukimbia, Mwalimu anasema inatosha, mimi nasema haitoshi.

Mbio zangu ni mizunguko mitatu na robo tatu. Nimekusamehe mizunguko mitatu. Hiyo robo tatu iliyobaki tutaimalizia huko. Nitafika Makambako Jumamosi tarehe 13 Agosti. Nataka unipeleke alikozikwa dada.

Na tafadhali, wakikuuliza nimekuwa wa ngapi, usiwaambie la kwako.

Mpwa wako,
Fidelia


Makambako,
5 Agosti 1994

Mpwa wangu Fidelia,

Marahaba, mama. Barua yako nimeipata, nimeisoma nikiwa nimekaa. Goti langu hivyo hivyo. Mama Ema ameilia barua yako hadi wino ukasambaa pale kwa Mwethiopia, lakini bado inasomeka.

Nina malalamiko. Nimechoka na watu wa mji huu. Barua ilipofika stendi nzima ilinizunguka. Mustapha, madereva wake, akina mama wa mitumba, Mudy kasimamisha basi na abiria ndani. "Mzee Kefa, kawa wa ngapi?" Nikavuta pumzi. Nikasema, wa tisa.

Wakatazamana. Halafu wakaangua kicheko!

Mustapha akasema, "Haya, hiyo ya utani tumesikia. Sasa sema kweli." Nikasema kweli ni wa tisa, kati ya kumi na wawili, hakuingia fainali. Mudy akasema, "Wewe umelipita lori na baiskeli, halafu mpwa wako awe wa tisa? Unatuficha, mzee, kaleta medali." Nikawaonyesha barua. Mustapha akaigeuza huku na huku akasema mwandiko ni wa Mama Ema! Nimeapa, nimegombana, nimefunga meza mapema kwa hasira. Mpaka leo mji mzima unajua kwamba umekuwa wa kwanza na kwamba Kefa anaficha medali chini ya mabelo. Miaka yote nawadanganya wananiamini, siku moja nasema kweli naonekana mwongo!

Nikaona basi, niwaambie na ile nyingine. Nikasema lori sikulipita. Nikawaambia kwa nini. Hapo hawakucheka. Mustapha alivua kofia yake, akakaa nayo mapajani mpaka nilipomaliza, kisha akaniuliza jina la mtoto. Nikamwambia.

Jumamosi nitakuwa stendi. Makaburi yako pale kijijini kwetu kwa zamani, kutoka barabara ya lami kuingia ndani ni kilomita sita, gari haziingii, ila Mustapha atatufikisha njia panda na baiskeli juu ya lori. Nimeishusha ukutani. Fundi ameweka mnyororo mpya, nimemwambia akague pingili zote, moja moja, na nimesimama pale bila kumfundisha kazi mpaka akamaliza.

Uendeshe wewe. Mimi nitakaa nyuma.

Mjomba wako,
Kefa